Waifai Yangu na Radi ya Buzuruga

Buzuruga, Mwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje tangu ulipoanguka? Unapata usingizi? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii kabisa.

Ile kazi niliyokudokezea, ya kujibu wateja kwa kompyuta, hufanyika popote penye intaneti. Nikiipata narudi Muleba, nakaa nawe. Sharti lao uwe na waifai yako nyumbani. Basi nikanunua ruta, kile kisanduku cha kunasa intaneti, nikaifunga mwenyewe, mimi ambaye hata jiko la mkaa linanishinda kuwasha! Sebuleni iligoma kwa sababu ya yale mawe makubwa nyuma ya nyumba. Chumbani ikaja, ikapotea. Mwisho ikakubali kwenye dirisha la jikoni. Nikatundika kitenge kuficha masufuria, nikakalia ndoo, nikasailiwa hapo hapo kwa video ya kompyuta.

Nilikuwa najibu vizuri, mama, hata yule dada aliyekuwa ananisaili akaanza kutabasamu. Mara ngurumo, upande wa ziwani. Mwenye nyumba wangu, Mama Kulwa, akisikia radi hufunika vioo vyote kwa khanga na kuzima umeme wa nyumba nzima. Nikasikia kandambili zake koridoni.

"Mama Kulwa, nakuomba, dakika chache tu!"

"Toka dirishani, mwanangu! Kazi utapata nyingine. Radi ikikupiga, mama yako nitamwambia nini?"

Akazima swichi kuu. Yule dada akaganda mdomo wazi, kisha akapotea. Nilitaka kumkasirikia Mama Kulwa nikashindwa, maana alikuwa amenishika mkono na anatetemeka.

Mvua ilipokatika niliwaandikia kuomba radhi. Mpaka leo kimya. Simu naenda nayo hadi bafuni. Ikilia nashtuka, kumbe ni wanakwaya wenzangu wanaulizana mazoezi. Naogopa, mama. Nani atamwajiri mtu anayezimiwa umeme kila wingu likitanda?

Nisalimie baba mdogo, na yule binti wa jirani anayekuchotea maji. Shangazi umsalimie kwa namna ya pekee kwa kulala nawe siku zote hizi. Najua anataka kurudi kwake kabla ya Krismasi. Mwombe asifunge mizigo kwanza. Hawa watu wakinikataa, hakuna mwingine wa kukusikia ukiita usiku.

Binti yako akupendaye,
Koku