Mfuko Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi. Nimechoka mpaka kuvua viatu ni kazi. Kutwa kucha kwenye dari la kile kinu cha kusagia nafaka kilichofungwa, kinyesi cha popo hadi kwenye nyusi. Lakini jamani, dari lile! Popo wamebanana mpaka mbao hazionekani. Mmoja alikuwa na mimba, nikampima chapuchapu nikamwachia aende zake.

Dereva alinishusha nyumbani moja kwa moja, maabara ilikuwa imeshafungwa. Sampuli kabaki nazo dereva, lakini begi la vifaa liko uani. Halitakiwi kuwa hapa. Vifaa vyote vinatakiwa kulowekwa kwenye dawa kule kule kazini — nyavu, glavu, ile mifuko ya kitambaa tunayowatia popo wakisubiri kupimwa. Kesho asubuhi na mapema nalirudisha.

Mama yupo, amekuja kumwangalia binti yangu Chiriku maana baba yake yuko masomoni mbali. Alinipokea kaziba pua. Nikaoge kwanza ndiyo nimsalimie. Eti alinisomesha niwe daktari, mimi nikaenda kukesha na popo. Majirani wakimuuliza kazi yangu anawajibu niko hospitali. Nilicheka mbavu sina. Yeye hakucheka.

Jumanne, 4 Machi

Usaili wa ukuu wa kitengo. Niliamka nimechelewa, nikatoka mbio na mkate mdomoni. Wakaniuliza habari za usalama kazini. Nikawaambia kanuni za maabara yetu niliziandika mimi mwenyewe. Wakatabasamu wote.

Begi bado liko uani. Nimelisahau! Kesho.

Jumatano, 5 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu.

Nimefika jioni na kiu, nikakuta jagi la juisi ya pasheni mezani. Tamu, laini, hata chembe ya kokwa hakuna. Nikapiga glasi mbili za haraka. Chiriku alikuwa na masharubu ya juisi, anajisifu kamaliza zake tatu. Nikamsifu Mama. Nikamuuliza kaichujaje, maana chujio letu limetoboka siku nyingi.

Akasema kachujia kile kifuko changu cheupe chenye kamba. Alikuwa anatafuta nguo zangu chafu kwenye begi la uani azifue, akakuta vifuko vizuri vya pamba, akashangaa mbona naviacha vikae bure. Kilikuwa na vumbivumbi kidogo, akakisuuza.

Vumbivumbi!

Nikauliza kakisuuza kwa sabuni? Kwa maji ya moto? Akaniangalia kama nimemtukana. Maji ya bomba, akasema, kwani kina nini? Nikajibu kina dawa ya maabara, si nzuri kwa tumbo. Nikamwaga juisi iliyobaki. Mama amenuna mpaka sasa. Mke mwenzake — ndivyo anavyomwita Chiriku — naye kanuna, wamekaa kochi moja wananitazama kama mimi ndiye mchawi.

Kifuko nimekikuta kwenye kamba ya nguo, kinapepea katikati ya sare za shule. Namba 14, kwa wino mweusi. Kila mfuko na namba yake, kila popo na mfuko wake. Mkojo, mate, kila kitu kimeishia mle.

Tulia, mwanamke. Kitambaa kilikaa siku mbili kwenye joto. Popo wengi hawana lolote la kumdhuru mtu, mimi mwenyewe huwa nawaimbia watu hivyo kila mkutano. Wengi. Si wote.

Alhamisi, 6 Machi

Wote wazima. Nimewagusa vipaji vya nyuso mpaka Chiriku akauliza kama natafuta chawa. Begi nimerudisha. Mifuko yote nimeloweka. Sikumwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu kaniita ofisini. Nafasi ni yangu! Miaka yote hii ya kupanda madari na kuitwa Mama Popo na kila mlinzi wa geti — leo ndiyo nimeula. Akanipa mkono. Mkono wangu ulikuwa barafu, akadhani ni furaha.

Natoka pale, Miwani ananivuta kando. Miwani ndiye anayepima sampuli zetu, hana utani hata chembe. Anasema sampuli za kinu zina kitu. Si zote. Kirusi, hakifanani sawasawa na chochote tulicho nacho. Anarudia kipimo, nisiseme kwa mtu.

Nikajitia hamnazo. Nikamuuliza kitu kama hicho kinaweza kuishi kwenye kitambaa? Akanitazama juu ya miwani yake. Kitambaa gani? Nikasema nauliza tu.

Ningemwuliza kwa namba! Zipi zina kitu? Kumi na nne imo? Swali moja tu. Lakini anajua mifuko inakaa maabara na haitakiwi kufika nyumbani kwa mtu. Nikiuliza, nimejitaja. Kazi kwaheri, na kanuni ni zangu, nimezitia sahihi. Nikaondoka.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Naogopa.

Jumapili, 9 Machi

Mama hakuamka kufagia. Mama! Huyu anayefagia ua hata akiwa mgeni wa watu.

Nimemkuta amejifunika gubigubi, macho mekundu. Anasema ni uchovu tu, nimpe vidonge vya kawaida. Kipimajoto kimesoma thelathini na tisa. Anasema hicho kidude changu kibovu.

Inaweza kuwa malaria. Inaweza kuwa mafua. Watu wanapata homa kila siku ya Mungu bila kunywa mkojo wa popo. Nimempima malaria kwa kile kipimo cha tone la damu. Hakuna. Nimerudia. Hakuna.

Hospitali? Nimwingize kwenye ukumbi ule, mabenchi yamejaa wajawazito na watoto, akakohoe pale? Nisimpeleke, nimwangalie tu? Nimezunguka meza ya jikoni kama kuku anayetaka kutaga. Nikienda, daktari atauliza nafanya kazi gani. Nitasema nini? Kwamba niko hospitali?

Chiriku nimemkataza chumba cha bibi yake. Nikamkuta humo humo, kajilaza ubavuni mwake, anamsimulia mambo ya shule. Nimemtoa kwa kumvuta mkono. Akalia. Sijawahi kumvuta hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia Miwani asubuhi. Potelea mbali ukuu, potelea mbali kanuni. Nikamwambia yote bila kupumua — begi, chujio, pasheni, homa. Nikasema mfuko ni namba kumi na nne, niambie kama imo.

Nikasikia kiti chake kinasogea.

Kisha akasema hilo la namba tuliache kwanza. Mama yuko chumba gani? Mtoto yuko wapi? Nani mwingine kaingia humo ndani? Akasema nisitoke, nisimruhusu mtu, watu wenye vifaa wako njiani. Nikamuuliza tena, namba. Akasema, dada yangu, vaa barakoa. Miwani hajawahi kuniita dada.

Nimevaa vya kazini, vile vya akiba: barakoa, glavu mbili mbili, koti refu. Nikampelekea Mama maji. Akafumbua macho, akanikodolea.

"Leo popo ni mimi?"

Nilidhani nitacheka. Nikakaa sakafuni karibu na kitanda nikamwambia ukweli wote. Kifuko kilikuwa cha nini. Kilibeba nini. Kwamba nilimdanganya kuhusu dawa, na nikakaa kimya nikiogopea cheo. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua.

Hakunitukana. Alitazama dari. Kisha akauliza kitu kimoja tu: mtoto alikunywa kiasi gani? Na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe, polepole, kwamba ile glasi ya tatu ni yeye mwenyewe aliyemmiminia. Mtoto alikuwa amekwisha shiba. Yeye ndiye aliyemwambia, "Mke mwenzangu, maliza hii."

Akageukia ukutani akaanza kulia. Na mimi sikuweza kumshika bila glavu.

Sasa nimekaa kwenye korido, mlango wa Mama kulia kwangu, wa Chiriku kushoto. Naandika ili mikono iwe na kazi. Gari halijafika. Mpaka dakika hii Chiriku alikuwa anaimba humo ndani, wimbo wa darasani, nami nilikuwa nahesabu hiyo kuwa habari njema. Ameacha.

Anagonga mlango kwa ndani. Nimemwambia asifungue, azungumze tu, mama anamsikia. Anataka lile blanketi zito la kabatini. Nimemwambia mwanangu, saa saba hii, mimi hapa najifuta jasho, blanketi la nini? Anasema meno yake yanagongana yenyewe, anauliza kama anaweza kwenda kulala na bibi.