Rimoti Haikuwa Mkononi Mwangu

Kaka yangu Mutwiri,

Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma na kunyamaza. Basi nakuandikia hapa mtandaoni, wazi, rafiki zako wa Nairobi wasome, majirani wetu wa Mitunguu wasome, na ukiona aibu, uione.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulirudi kutoka chuo kule Embu na droni mbovu uliyopewa na mpiga picha wa harusi, bawa moja limevunjika, ukaligandisha kwa gundi ya viatu. Tulitaka ipite katikati ya migomba ya Mama na kutuonyesha majani yaliyoanza kuugua. Shida ilikuwa kwamba ikiingia chini ya migomba, majani yanafunika anga, satelaiti inayoiongoza haipatikani, na droni inayumba kama mlevi.

"Basi ijifunze kuona njia yenyewe," ukasema.

Tukaifungia kamera ndogo mbele. Miezi mizima nilitembea kwenye ile mistari nimeshika simu kifuani, nikirekodi, matope hadi magotini. Jioni tuliketi kwa kompyuta yako tukiifundisha picha moja moja: huu ni mgomba, hii ni njia, kitu kinachokua haraka kwenye picha kiko karibu, kikwepe. Siku droni ilipopita mstari wote bila kugusa hata shina moja, ulinibeba mgongoni ukakimbia nami mpaka kwa mfereji. Nilikupenda sana siku ile, Mutwiri, na ndiyo sababu hasira hii haiishi.

Kwa sababu nilikuambia. Nilikuambia mara mbili, tena mbele ya chai, ukiwa umetulia: haijui mtu aliyeinama. Tumeifundisha vitu vilivyosimama. Mtu akiinama kwenye majani makavu, yenyewe inaona majani makavu tu.

"Wageni wa kampuni wanakuja kuiona Alhamisi," ukajibu. "Nani atainama mbele yake?"

Mama aliinama. Mama huinama kila siku, ndivyo anavyolima. Alikuwa mstari wa tatu akikata machipukizi, na hukumwambia atoke, kwa kuwa uliwaahidi wageni kwamba droni yako inafanya kazi hata watu wakiwa shambani. Nami nilipotaka kushika rimoti ili niweze kuisimamisha, ulininong'oneza, "Weka chini. Wakikuona umeishika watasema haiendi yenyewe."

Nikaiweka juu ya kreti. Nilipoona droni imeingia mstari wa tatu na haipunguzi mwendo, nilikimbilia hiyo kreti. Sikufika. Nilisikia Mama akiita jina lako. Alikuita wewe.

Hospitalini Meru, daktari akiwa bado ndani akishughulikia jicho la kushoto la Mama lililopigwa na droni, ulinivuta kando ya ukuta. "Nikianguka mimi, kazi yote imeanguka," ukasema. "Beba hili siku chache tu, Gakii. Nitalirekebisha." Ukachukua kunyamaza kwangu kama ruhusa, ukaenda kuwaambia wageni, kisha shangazi, kisha Mama mwenyewe, kwamba rimoti ilikuwa kwangu na nilichelewa.

Wiki mbili baadaye ukapata kazi kwa wale wale wageni, ukahama. Hizo siku chache zako haziishi.

Jicho halikupona. Mama sasa hugeuza kichwa chote ndipo aone anayepita upande wa kushoto. Sokoni wanawake wananyamaza nikifika. Na Mama, Mutwiri, Mama alinishika mkono akaniambia, "Mtu yeyote huchelewa, mwanangu. Mimi nilishakusamehe." Nilitoka nje nikakaa nyuma ya jikoni na hasira yangu. Unajua inavyokuwa kusamehewa kosa la mtu mwingine, halafu useme asante?

Droni sikuitupa. Nilirudi shambani na simu, nikawapiga picha wamama wakipalilia, watoto wakichutama, wazee wakifunga viatu. Nimeionyesha hiyo kamera picha zao nyingi mpaka sasa ikimwona mtu aliyeinama inasimama hewani na kungoja. Kazi hiyo ilinichukua muda mfupi kuliko unavyodhani. Tungeahirisha Alhamisi moja, tungeimaliza pamoja. Nimeona picha zako umesimama jukwaani ukieleza jinsi inavyoona watu, ukisema "nilibuni". Hiyo video ninayoona nyuma yako ni yangu, ile niliyokutumia kwenye ujumbe ambao hukuujibu. Hata kivuli changu kimo.

Jukwaa kaa nalo. Silitaki. Ila msamaha wa Mama siwezi kuendelea kuuvaa.

Jumapili, tukitoka kanisani, nitamketisha Mama uani na kumsomea barua hii yote, pamoja na maneno yako ya hospitalini. Leo ni Jumatatu. Una siku sita za kumpigia umwambie mwenyewe. Nambari yake hajaibadilisha. Anasema hataki kuibadilisha, usije ukapiga ukamkosa.

Ni mimi dada yako, uliyezaliwa naye tumbo moja,
Gakii