Dari Iliyowafungukia Wakwe

Bi Mwanabaraka, mshauri wetu wa gazetini, asalaam aleikum, na baada ya salamu nakuomba uninusuru, maana hapa nilipo sijui nicheke au nilie. Mwaka wa Uhuru mume wangu Taib aliondoa makuti akaezeka nyumba yetu bati, tukasifiwa mtaa mzima, lakini ikifika adhuhuri chumba cha juu hakikaliki, ni tanuri. Basi Taib, ambaye ni karani bandarini, siku moja aliingia chumba cha barafu cha meli akaona kuta zake zimejazwa kama mito ya kulalia, akarudi macho yanamng'ara, akanunua makumbi ya nazi akayatandaza darini, baina ya mbao na bati, na wallahi joto lilipungua mpaka mama yangu mzazi akahamia juu, akamwombea dua.

Angalitosheka hapo! Lakini kila akirudi kazini huinua mkono akapapasa dari akasema, "Mwanakuu, bado joto lapita," akaongeza gunia jingine, na makumbi yalipomwishia akapasua magodoro akatoa sufi, sasa twalala mikekani, na mbao za dari zikaanza kushuka kama tumbo la mja mzito, nami nikimwambia hunijibu, "Wewe hujaingia meli."

Juzi Ijumaa wakaja wanawake wa upande wa kijana aliyemposa binti yetu Mwanaesha, nikawaketisha juu kwa kuwa ndiko kwenye baridi, na nyanya yake huyo kijana, Bi Mahfudha, ndiyo kwanza ainue kikombe cha kahawa, tukasikia kraaa! Dari ikafunguka, makumbi na sufi yakatumwagikia vichwani, buibui zote zikawa nyeupe. Alhamdulillahi ubao ulianguka pembeni, hakuumia mtu, lakini waliondoka wakijikung'uta, na Mwanaesha akalia akijua posa imevunjika.

Kumbe leo asubuhi Bi Mahfudha amemtuma bintiye kwetu na maneno haya: "Mwambieni Bwana Taib, kabla hatujaangukiwa nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu nianze kulala chini ya bati. Aje anijazie na mimi kabla ya arusi." Taib hatulii kwa furaha, ameshaagiza magunia, asema kwa wakwe lazima aweke maradufu. Nikimzuia nimemvunjia heshima, nikimwacha atamwangushia dari ajuza wa watu na arusi igeuke matanga. Nifanyeje, Bi Mwanabaraka?

Mwanakuu, Makadara

JIBU

Mwanangu Mwanakuu, nimecheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikakasirika. Uliziona mbao zinashuka, ukawaketisha wageni chini yake! Ulitaka wasifu baridi yenu. Basi usimlaumu Taib peke yake.

Usimzuie. Mkwe anayemwagiwa dari kichwani, naye akaomba yake ijazwe, huyo mshike kwa mikono miwili. Lakini Taib asiende peke yake. Mtafute fundi seremala, atangulie kupanda kwa Bi Mahfudha, azigonge boriti moja moja, aongeze mbao palipo dhaifu, ndipo magunia yapandishwe. Taib akikataa, usibishane naye mbele ya watoto. Mwambie faraghani, "Bwana, meli hujengwa na mafundi, haijengwi na makarani." Atanuna, kisha atakubali.

Na kuongeza si kushindilia. Atandaze makumbi makavu, kina cha shubiri moja chatosha. Yakibanwa hayazuii joto vizuri, huongeza uzito tu. Aache nafasi chini ya bati na matundu pande mbili, hewa ya moto ipate pa kutokea. Makumbi yakae mbali na waya za stima. Sufi asiitie kabisa, maana cheche moja tu na nyumba imekwenda. Irudi kwenye magodoro leo hii. Haya mwanangu, bi arusi gani huyo aamkaye na alama za ukili wa mkeka shavuni?

Wewe nawe, kabla gunia halijapita mlango wa Bi Mahfudha, chukua sinia ya kaimati uende ukamtake radhi kwa mdomo wako. Hakukutumia lawama, ni uungwana wake. Usimlipe uungwana kwa kunyamaza.

Kazi ikiisha, ajuza asiharakishwe kuhamia. Usiku wa kwanza alale Taib chini ya dari hiyo, peke yake. Akiamka akaulizia chai, mwiteni Bi Mahfudha.