Kumi na Mmoja Kati ya Zahanati na Hospitali

Dar es Salaam
9 Januari 2024

Wifi yangu Marcelina,

Mwakeye wifi, nakusalimu kwa salamu ya nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kaka Feliksi na wanangu wote. Mimi sijambo, ni joto tu la huku linanimaliza.

Nakuandikia kwa sababu simu zenu mpaka mtu apande mlima, na jambo lenyewe ni refu. Nimeanza kuomba nafasi ya shahada ya uzamivu, ile ya utafiti wa uuguzi. Usicheke. Nina miaka arobaini na moja, na kila siku nafundisha wakunga wanafunzi ambao ziwa wameliona kwenye ramani tu.

Wanachukua watu sita. Kila mwombaji aandike pendekezo la kurasa kumi: swali lake ni lipi, na ana nini mkononi cha kuonyesha kwamba swali lenyewe lipo kweli. Swali ninalo. Kinamama wa ufukweni wanaopewa rufaa na hawafiki. Rejista yako pale zahanati ya Nyarusunzu inasema "rufaa". Rejista ya hospitali haisemi lolote, maana mtu hakupokelewa. Aliyefia njiani, kwenye boti, hayumo kwenye karatasi ya mtu yeyote isipokuwa lile daftari lako.

Naomba uninakilie, wifi. Sitataja jina la marehemu, wala la kijiji, wala lako. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15 Machi.

Msalimie sana kaka.

Wifi yako,
Honorata


Nyarusunzu
2 Februari 2024

Wifi Honorata,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa Feliksi mgongo unamsumbua tangu walipovuta boti juu kukwepa mawimbi. Watoto wako shule. Mama mkwe pale Buzebazeba nimemwona wiki iliyopita, presha imeshuka, ila chumvi hajaacha.

Nimenakili yote, ndiyo maana nimechelewa. Nilikuwa naandika mchana wagonjwa wakipungua, na kila nikifika kwa mmoja nakaa kidogo. Ni kumi na mmoja tangu mwaka 2017. Hapo kwa Esther utaona mwandiko umeharibika, usidhani ni maji. Kalamu ilikuwa haiandiki vizuri na mimi mwenyewe sikuwa vizuri. Yule kondo la nyuma lilikataa kutoka. Sindano nilimchoma, dripu nilimwekea, nikamkandamiza tumbo kwa ngumi kwenye boti ya Feliksi saa tatu nzima mpaka mkono ukafa ganzi. Tuliziona kabisa nyumba za Kibirizi, pale boti zinapofikia mjini. Akaniuliza, "Tumefika?" Nikamwambia tumefika. Hakujibu tena.

Niliporudi, yule mganga mfawidhi wa wakati ule, Pastory, aliniambia, "Si umeshaandika rufaa? Basi hayuko tena mikononi mwetu." Tangu ahamishwe niko peke yangu na mhudumu wetu Selestini.

Unakumbuka Pasaka ya 2019 ulipokuja, nilikuwa nimeshafunga mfuko niende wilayani na daftari. Ni wewe ulinizuia. Ulisema, "Ukiwapelekea watakubebesha lawama wewe. Endelea kuandika, siku moja tutalifanyia kazi." Nikakusikiliza, maana wewe ndiye msomi wetu. Sasa naona siku yenyewe imefika, na nafurahi.

Ila wifi, usije ukaniweka pabaya. Kazi hii ndiyo ninayoijua.

Wifi yako,
Marcelina


Dar es Salaam
20 Februari 2024

Wifi yangu,

Hujambo? Na mgongo wa kaka je? Mwambie apunguze kubeba injini mwenyewe.

Bahasha imefika na basi la Jumapili. Nimesoma yote kwa mkupuo, nikashindwa kula. Nimefundisha habari ya kutokwa na damu baada ya kujifungua miaka kumi na miwili, na sijawahi kuandika sentensi yenye ukweli kama zako.

Pendekezo limekamilika. Msimamizi ninayemtaka amelisoma, akasema ni mara ya kwanza anaona mwombaji mwenye ushahidi ambao serikali yenyewe haina. Wifi, nadhani nitaingia.

Chuo kimetaka pia barua ya ofisi ya afya ya wilaya yenu, ya kuonyesha kwamba utafiti utakubaliwa, kwa hiyo nimewatumia nakala ya pendekezo waisome. Usiogope. Majina yote nimeondoa. Nimeandika tu "zahanati moja ya ufukweni, kaskazini mwa Kigoma, ifikikayo kwa boti pekee, yenye muuguzi mmoja".

Niombee.

Wifi yako,
Honorata


Nyarusunzu
11 Mei 2024

Wifi Honorata,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Jumanne walikuja watu wawili na boti ya abiria ya asubuhi, mwanamume na mwanamke. Nilikuwa kwenye chanjo, kinamama wamejaa barazani. Nikawakaribisha, nikadhani ni ukaguzi wa kawaida. Yule mwanamke akatoa karatasi mkobani, akanisomea mbele ya Selestini: "Zahanati moja ya ufukweni, kaskazini mwa Kigoma, ifikikayo kwa boti pekee, yenye muuguzi mmoja." Akaniuliza, "Dada, unaifahamu zahanati hiyo?"

Wifi, zahanati zenye muuguzi mmoja ziko ngapi huku?

Nikasema naifahamu. Akasema, "Kifo cha mzazi kinatolewa taarifa ndani ya saa ishirini na nne. Wewe una vifo kumi na kimoja katika miaka saba. Ulikuwa unavificha kwa faida ya nani?" Nikamwambia sikuvificha, niliviandika. Mwanamume akasema kuviandika na kuvifungia kabatini ndiko kuvificha. Wamechukua daftari. Nimewaeleza habari ya Pastory. Kumbe walikuwa wameshamuuliza huko aliko, naye amejibu kwa maandishi kwamba hajawahi kusikia jambo hilo.

Nimesimamishwa kazi. Funguo za kabati la dawa wamempa Selestini, ambaye ameruhusiwa kugawa panadol na kufunga vidonda, basi. Wazazi wote waende mjini. Kwa boti.

Kikao cha nidhamu ni tarehe 28 Juni. Nakuomba jambo moja. Waandikie ukweli: kwamba uliliona daftari Pasaka ya 2019, kwamba nilitaka kulipeleka, na wewe ukanishauri nisilipeleke. Sikuombi uongo hata kidogo. Maneno yako yana uzito, wewe ni mwalimu wa wauguzi. Wakijua nilitaka kutoa taarifa nikazuiwa na mkubwa wangu kwa elimu, watanipa onyo nirudi kazini. Selestini amesikia hivyo huko wilayani.

Nasubiri.

Wifi yako,
Marcelina


Dar es Salaam
30 Mei 2024

Wifi yangu mpendwa,

Poleni sana. Sijui nianzie wapi. Barua yako nimekaa nayo siku nne. Nimepiga simu mara nyingi haipatikani.

Niliwaamini wale wa ofisini. Nilidhani watasoma kama wataalamu.

Nikueleze yote kama yalivyo. Jumatatu nimepata jibu. Nimechaguliwa, mmoja wa wale sita. Usajili ni mwezi wa Julai, na kabla yake kamati ya maadili ya utafiti inapitia kila pendekezo. Nikiandika leo kwamba nilimshauri muuguzi asitoe taarifa za vifo, halafu vifo hivyohivyo nikavitumia kuombea nafasi, watasema niliviweka akiba. Watanifuta siku hiyohiyo. Na nikifutwa sitakuwa na nguvu ya kukusaidia wewe wala kinamama wa huko.

Nitaandika, wifi. Naapa nitaandika. Nipe mpaka mwisho wa Julai tu. Waombe waahirishe kikao, waambie unamsubiri shahidi kutoka Dar. Nikishaingia nitakuwa na sauti, nitalisimamia jambo hili mpaka mwisho.

Usimweleze mama kwa sasa, presha yake unaijua.

Wifi yako anayekupenda,
Honorata


Nyarusunzu
17 Juni 2024

Wifi Honorata,

Salamu. Hongera kwa kuchaguliwa.

Nimekwenda mjini kuomba waahirishe. Waliniuliza shahidi ni nani, nikataja jina lako. Wakauliza kama ana lolote kwa maandishi. Nikasema bado. Wakasema kikao hakiahirishwi kwa ajili ya bado.

Mama mkwe ameshajua. Habari imefika mpaka Katubuka, nitamficha vipi? Ananiuliza kila nikipita, "Honorata ameandika?"

Zimebaki siku kumi na moja. Ukituma na basi la Alhamisi itawahi.

Marcelina, wifi yako


Dar es Salaam
8 Agosti 2024

Wifi,

Sijui kama utaifungua barua hii. Naandika tu.

Mama alinipigia mwezi uliopita. Hakunisalimia. Alisema, "Mke wa kaka yako wamemfukuza kazi," akakata simu. Nilikuwa darasani, wanafunzi wananitazama. Nikaendelea kufundisha. Hilo nalo nakuambia ulijue.

Barua niliiandika, wifi. Niliiandika tarehe 19 Juni, kabla barua yako ya mwisho haijanifikia. Kurasa mbili, kila kitu kimo: Pasaka, mfuko uliokuwa umeshaufunga, maneno niliyokuambia. Ilikaa kwenye mkoba wangu wiki tano. Nilikwenda nayo kazini na kurudi nayo. Siku ya basi la Alhamisi nilifika mpaka ofisi ya vifurushi, nikasimama kwenye foleni. Ilipofika zamu yangu nikamwambia yule dada nimesahau anwani.

Nilisaini usajili tarehe 22 Julai. Barua nimeituma tarehe 24. Siku mbili, wifi. Mtu yeyote anaweza kuzihesabu akajua mimi ni mtu wa namna gani.

Chuoni nako nimepeleka nakala, nikakaa kusubiri wanifukuze, na nusu yangu ilikuwa inaomba hivyo. Waliniita mbele ya watu watano. Mwenyekiti akasema ni kosa la uamuzi, si la utafiti. Nibadilishe mada, nisiyatumie maandishi yako. Nafasi nimeachiwa. Sasa nitafanya utafiti wa uchovu wa wauguzi katika hospitali za mijini.

Mwezi wa kumi nina likizo ya wiki mbili. Nitakuja nifikie kwenu, twende wote wilayani tukate rufaa, nisimame mbele yao niseme kwa kinywa changu. Nikubalie.

Nisamehe, au nitukane, ila usikae kimya.

Wifi yako,
Honorata


Nyarusunzu
1 Septemba 2024

Honorata,

Natumaini umeamka salama. Sisi ni wazima wa mwili.

Barua yako kwa kamati ilifika. Wameniita wakanionyesha. Yule mwanamke aliyekuja siku ya chanjo aliisoma mara mbili, akasema, "Hii ingekuja mapema." Si mtu mbaya. Alinisindikiza mpaka getini. Rufaa ilitakiwa ndani ya siku thelathini na muda umepita.

Nataka nikueleze jambo lililotokea hapa, nawe ulisikie kwangu.

Jumamosi tarehe 17 Agosti, asubuhi, Selestini alikuja mbio nyumbani. Rozalia, binti wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, alikuwa amejifungulia kwenye benchi la zahanati akisubiri boti. Mtoto mzima. Damu haikati. Selestini akasema, "Mama, njoo, mimi sijui." Nikamwambia siruhusiwi. Barua ya kufukuzwa inasema nikikutwa nimemhudumia mgonjwa pale nitashtakiwa na leseni itafutwa. Na leseni ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho, nilikuwa nafikiria kuomba kazi kwenye zahanati za binafsi mjini.

Selestini akarudi. Mimi nikakaa. Nilikuwa napepeta mchele, nikaendelea kupepeta. Ukitoka mlangoni kwangu mpaka zahanati ni hatua mia mbili, unazijua. Nilikaa saa nzima, Honorata. Namsikia mama yake Rozalia analia, na mimi natoa mawe kwenye mchele.

Halafu nikaenda. Selestini alikuwa amekimbilia ufukweni kutafuta boti, funguo ziko mfukoni mwake, nikavunja kufuli la kabati kwa jiwe, nikamchoma sindano, nikamkandamiza, tukampakia kwenye boti ya Feliksi. Lakini alikuwa ameshakuwa mweupe midomo. Hatukufika hata rasi ya kwanza. Feliksi akazima injini bila kuambiwa.

Hakuna aliyenishtaki. Watu wanasema nilikuja, nilijitahidi. Hawajui habari ya ile saa. Feliksi anajua, na sasa wewe.

Kwa hiyo usiniombe msamaha. Ulivyosimama kwenye ile foleni na barua mkononi, naelewa ulivyokuwa umesimama. Zamani nisingeelewa, ningekuchukia ikaisha. Sasa nikikufikiria wewe najiona mimi, na siwezi kukaa meza moja na jambo hilo wiki mbili, nikupikie, nikutandikie kitanda.

Mama yake Rozalia analea mjukuu. Kila Jumatatu ananiletea nimtazame, maana hakuna mwingine. Hanisalimii. Ananipa mtoto, nampima kwa mkono, namwangalia macho na kitovu, namrudishia. Anaongezeka uzito.

Usije mwezi wa kumi. Feliksi naye amesema hivyohivyo, na ni kaka yako, haikuwa rahisi kwake kusema.

Mwandikie mama, anakuulizia.

Mke wa kaka yako,
Marcelina