Nilifua Kitambaa cha Ng'ombe, Sasa Wanakuja Kumchukua Mtoto

Mpendwa Shangazi Watiri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu Jumamosi mama mkwe wangu anatoka Kerugoya kuja kumchukua mtoto wangu Ngendo, na mume wangu Mutahi amekubali, na mimi mwenyewe nimebaki kidogo tu nikubali.

Niko na miaka ishirini na sita, shule nilifika darasa la nane, kwa hivyo unisamehe mwandiko. Shangazi, mimi husahau, na si kusahau kwa kawaida. Naanza kuosha vyombo, naona maji yameisha, naenda kuchota, njiani naona kuku ameingia kwa mboga, namfukuza, naanza kutengeneza ua, na Mutahi akirudi jioni anapata vyombo vichafu, ndoo iko njiani, ua ni nusu, na mimi nimechoka kama mtu aliyelima ekari. Hata shuleni walimu waliniita Dirisha kwa sababu nilikuwa naangalia nje siku yote.

Mwezi uliopita ng'ombe wetu aliugua kiwele. Daktari wa mifugo alimdunga akasema siku tatu maziwa ni ya kumwaga, akamfunga kitambaa chekundu kwa mguu ndiyo tusisahau. Siku ya pili nikaona kitambaa kimejaa matope, nikakifungua, nikakifua, nikakianika vizuri kwa kamba. Asubuhi nikakamua, nikaangalia mguu, nikaona hauna kitu, nikapeleka maziwa. Na sisi ni akina mama saba, tunachanganya maziwa kwa mtungi mmoja. Wanunuzi wa maziwa walipopima wakapata dawa, mtungi wote ukamwagwa. Jirani yangu Mama Gatimu akasema mbele ya watu, "Ati alifua kitambaa! Si heri angefua ng'ombe!" Wakacheka, na mimi nikacheka nao, halafu nikaenda nyuma ya zizi nikalia.

Lakini hiyo si ndiyo kubwa. Wiki mbili zilizopita nilitoka kanisani na wenzangu tukipiga stori, nikafika nyumbani, nikaingiza ufunguo kwa mlango, na hapo ndipo nikahisi mkono wangu wa kushoto hauna mtu. Ngendo ana miaka mitatu. Nilikimbia mpaka viatu vikanitoka. Nikampata ameketi kwa ngazi na mwalimu wa Sande skuli, ameshika kofia yake, na hakuwa analia, Shangazi, aliniuliza tu, "Mami, umekumbuka?"

Unajua kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, kwa hivyo Ngendo mdogo ni mama mkwe wangu. Alipopiga simu hakusema nimesahau mtoto. Alisema, "Ni mimi uliniacha kanisani. Sasa nakuja kujichukua." Na Mutahi akasema, "Wacha aende kwanza, mpaka kichwa yako itulie." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

Sasa kuna hii. Wakati ng'ombe anaugua nilirudi duka la dawa za mifugo mjini Nyeri mara tatu siku moja, kwanza nilikuwa nimeacha simu, halafu chenji, halafu dawa yenyewe. Mwenye duka anaitwa Roshni. Alicheka akasema, "Dada, wewe ni mimi kabisa. Mimi nilijua nikiwa na miaka thelathini na nne. Inaitwa ADHD, akili inashindwa kutulia kwa kitu kimoja, si uvivu." Niliandika hilo jina kwa mkono, nikaosha vyombo, likatoka, lakini hilo nilikumbuka. Nikatafuta kwa simu nikapata maneno mengi ya Kizungu, picha za vijana wa shule, na mtu mmoja anauza unga wa kurudisha akili. Mutahi anasema hiyo ni ugonjwa ya watoto ya matajiri. Pasta aliniombea. Je, mtu mzima anaweza kuwa na hiyo kitu? Niende wapi? Ama mimi ni mama mbaya tu natafuta jina la kujificha nyuma yake?

Mfuko wa Ngendo uko tayari nyuma ya mlango. Nimeweka sweta mbili, kofia ya njano, dawa yake ya kifua, kikombe kilichovunjika mkono kwa sababu hanywi uji kwa kingine, na leso yangu moja, maana bila harufu yangu halali. Wakati mwingine naona wangekuwa heri bila mimi.

Mama Ngendo, Wamagana

*

Mama Ngendo, barua yako imeruka foleni, maana Jumamosi haingoji mtu.

Naanza na sentensi yako ya mwisho. Kama ulimaanisha kufa, weka gazeti chini, mwambie Mutahi leo, "Nina mawazo mabaya, nipeleke hospitali," na mwende leo, msingoje tarehe ya kliniki. Kama ulimaanisha kuchoka, bado daktari aisikie.

Ndiyo, mtu mzima anaweza kuwa nayo. Huanza utotoni, na wengi hukua nayo bila kupimwa. Walimu wako waliona kitu wakakipa jina la utani. Na si ya matajiri. Matajiri ni wale tu waliopata wa kuwapima. Lakini mimi si daktari, Roshni si daktari, na simu yako ndiyo kabisa. Mawazo mazito, kukosa usingizi, upungufu wa damu, hata tezi ya shingo, vyote vinaweza kumtawanya mtu akili. Kwa hivyo nenda hospitali ya kaunti, uliza kliniki ya afya ya akili, na usihangaike na nani atakuona kwenye benchi. Naye amekaa hapo.

Usiende mikono mitupu. Mwambie mama yako mzazi akutafutie ripoti zako za shule, zile walimu wameandika "haketi" na "hasikilizi," kwa sababu daktari atataka kujua ulivyokuwa mtoto. Nenda na Mutahi, yeye ameona usiyoyaona. Usitegemee kipimo cha damu kikupe jibu; ni maswali, marefu, na huenda ukaambiwa urudi mara mbili tatu. Uliza kuhusu dawa na pia mafunzo ya kupanga siku, na kama unanyonyesha au una mimba, sema. Ule unga wa kurudisha akili usionje hata kwa ncha ya ulimi.

Na Roshni! Mtu amekuambia "wewe ni mimi," nawe ukamwacha kaunta ukaenda kulia nyuma ya zizi? Rudi. Muulize alionwa na nani, na kama ana kundi la wenzake wanaoongea.

Maziwa ya wenzako sita yalimwagwa, na hilo uliomba msamaha kwa kucheka. Omba tena, bila kucheka. Lakini alama ile ilifungwa mahali pabaya. Mara nyingine ifunge kwa kifuniko cha mtungi, mkono wako usipite bila kuigusa. Na kanisani, ukimpa mwalimu mtoto, mpe na kibeti chako. Hakuna mama wa huko kwenu Tetu atakayeachwa na wenzake atembee mpaka nyumbani bila kibeti; lazima mmoja aulize kiko wapi.

Mutahi, najua utasomewa hii. Umechoka, nimesikia. Lakini kichwa hakitulizwi kwa kuhamisha mtoto.

Mama mkwe usimjibu kwa ukali. Hofu yake ni ya haki. Mtoto aliachwa kweli. Mwambie, "Mama, umesema huyu ni wewe. Basi kaa na wewe mdogo hapa Wamagana, wiki mbili, tukienda kliniki." Mpe kitanda chenu. Anaweza kukataa, sikufichi. Na hata akikubali, kichwa chako hakitatulia wiki hii, pengine hakitatulia kama cha Mama Gatimu maisha yako yote. Utaishi nacho, ukisaidiwa.

Kuhusu mama mbaya: nimesoma huo mfuko mara mbili nikitafuta ulichosahau. Kifua, baridi, uji, usingizi. Sikukipata.

Ufungue. Kofia irudi kwa msumari, na kikombe kirudi mezani, anywee uji wake hapo Jumamosi, nyanya yake akimwangalia.