Kwa Baba Mutheu, Aliyetozwa Mbuzi Bure

Mpendwa Baba Mutheu,

Nimechoka, mzee wangu. Naanza na hilo kwa sababu wewe ulipokuwa hai hukupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Mutheu wetu amejifungua mtoto wa pili wa kiume. Desturi unaijua, huyo huchukua jina la babake mama. Ni wa kuitwa Kioko, jina lako. Mutheu amekataa. Anasema hawezi kumpa mtoto wake jina la mtu aliyekuwa akimfunga mama yake kamba.

Unakumbuka tulivyoanza? Ilikuwa miaka ya sabini, pale mjini Salama, ukiziba pancha za malori kando ya barabara. Uliniambia unachotamani, ile kamba, ukiangalia chini, kama mtu aliyevunja sufuria ya wenyewe. Nilicheka, maana nilitamani hicho hicho, na nilidhani ni wazimu wangu peke yangu. Halafu Mama Ndunge wa hoteli akatunong'oneza kuwa tuko wengi.

Ikawa mwethya. Kwani Mkamba akitaka jambo lidumu hufanya nini? Huunda kikundi. Asubuhi tulichimba matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua, leo shamba la huyu, kesho la yule, kama mwethya mwingine wowote. Alasiri tuliingia kwa Mama Ndunge, mlango ukafungwa, na waliopenda kufunga na waliopenda kufungwa wakawa na mahali pao, wakubwa kwa wakubwa. Mwenyekiti alikuwa mkali kuliko mzee wa kanisa. Pombe hakuna. Kulazimishana hakuna. Kila mke aliulizwa mwenyewe, si kupitia mumewe. Nilipoulizwa mara ya kwanza, "Wewe unataka nini?" nilikugeukia wewe unijibie, maana tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza.

Na mtu akisema "maji", kila mkono unaachilia saa hiyo hiyo. Neno hilo ulilichagua wewe. Ulisema, "Hapa kwetu nani atamnyima mtu maji?" Mimi nililisema mara moja tu. Ulifungua kamba, ukanipikia uji, ukakaa nami mpaka nikapata usingizi. Huyo ndiye watu wanamwita katili.

Dada zako waliona alama za kamba mikononi mwangu tukifua nguo, na wazee wa ukoo wakakuita. "Unampiga bibi yako kwa nini?" Nilitaka kusema, ukanikanyaga mguu. Kusema ukweli kungewafichua wenzetu wote, na wengine walikuwa wakisimama mbele kanisani. Ukatozwa mbuzi. Ukamleta, ukaketi ukiwatazama wakimla. Tukirudi nyumbani ukaniambia, "Mbuzi nitapata mwingine. Hawa wenzetu tukiwaharibia, basi." Mutheu alikuwa mdogo, lakini mashangazi zake walimsimulia, na akakua na hadithi hiyo.

Mwethya wetu ulikufa vile vikundi hufa. Mmoja aliokoka akaacha kutusalimia, mwingine akahamia Mombasa, Mama Ndunge tukamzika kwao Kikima. Hakuna aliyebaki wa kunishuhudia.

Juzi nikafunga mlango wa jikoni, nikamwambia Mutheu. Si yote, yapo ambayo mtoto hafai kusikia. Nilimwambia hukuwahi kunigusa nisipotaka. Nilimwambia kamba ile ilikuwa yangu kama ilivyokuwa yako. Alikuwa akinyonyesha. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mama, kila mwanamke anayepigwa husema hivyo."

Ni kweli, Kioko. Nimewakanda wanawake wa hapa kwa maji ya moto, uso umevimba, na husema hivyo hivyo, kwa maneno yale yale yangu. Atanitofautishaje nao?

Ninaumia, na hata kuumia kwenyewe kumenichosha. Wewe ulinyamaza kwa kuwa uliwapenda watu. Mimi sasa ninasema na hakuna anayesikia.

Jumapili mtoto aliombewa kanisani. Mchungaji aliuliza jina, na Mutheu akajibu kwa sauti, "Emanueli." Nilikuwa nimesimama karibu naye, nimeshika shali ya mtoto. Nikasema amina pamoja na wengine.

Pumzika, mzee wangu, uko mahali hawakuiti tena.

Mimi mke wako, ambaye hukumkosea,
Mama Mutheu