Nusu Yangu ya Kalenda

Kambi ya daraja, barabara ya Uvinza
Jumatatu, 15 Juni 1998 (safari hii nina hakika)

Mke wangu mpenzi, Mama Sesi,

Salamu zangu zikukute umekaa, tena kwenye kile kiti chenye mgongo, miguu umeinyoosha. Kama umesimama unapepeta mpunga, weka ungo chini kwanza. Unaendeleaje? Miguu bado inavimba jioni? Na Sesi wetu, ameacha kulamba udongo wa ukutani? Mimi malaria ilinishika wiki iliyopita ikaniachia, sasa nakula vizuri, ila suruali inadai mkanda.

Najua ulinitegemea Jumamosi. Najua ulipika, najua Sesi alioshwa miguu akakalishwa mlangoni, na lori la mpunga lilipofika hapo Mamba bila mimi, najua alichosema mama yako. Amesema, "Mkwe wa barua huyo." Sina ubishi naye. Sesi nilimkuta anakaa mwenyewe, ana meno mawili, akaniangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. Ndiyo maana mwezi wa pili ulinishika shati ukaniambia, "Baba Sesi, wa kwanza ulimkuta anakaa. Huyu wa pili nataka umsikie analia mara ya kwanza." Nikasema tarehe kumi na tatu Juni nitakuwa nyumbani. Nilisema mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Sasa nakueleza kilichotokea, na nakuomba ucheke kabla hujakasirika, maana wenzangu hapa wamecheka mpaka wameshiba.

Kosa limetoka kwenye ile kalenda yetu ya kuchana, yenye ukurasa kwa kila siku. Unakumbuka tulivyoigawa usiku wa kuamkia safari, wewe na kisu cha mboga, mimi naomba usiharibu pembe. Tarehe moja, tatu, tano, zikawa zangu. Mbili, nne, sita, zako. Kitendawili kikiwa kwangu, jibu lake liko kwako, kwenye ukurasa wa siku inayofuata, na cha kwako jibu lake liko kwangu. Ulisema hivyo kila mmoja atakuwa na sababu ya kumtafuta mwenzake. Lilikuwa wazo zuri na bado nalipenda. Ila mtu mwenye nusu ya kalenda, kila ukurasa wake lazima ukae siku mbili. Mimi hapa nilijiwekea utaratibu: siku ya kwanza ukurasa unaning'inia kwenye msumari umenyooka, siku ya pili naukunja pembe ya juu. Nikiamka nikaona pembe imekunjwa, nauchana, naweka mwingine.

Nusu hiyo ndiyo kalenda ya kambi nzima. Betri za redio zilikwisha tangu Mei, na msimamizi wetu wiki yote iliyopita alikuwa mjini Mpanda anasubiri bolti za daraja. Tulibaki watu tisa na msumari wangu. Kila asubuhi kabla ya uji nasoma kwa sauti. Tarehe tano ilisema ni Siku ya Mazingira Duniani, basi tukafagia kambi mpaka nyuma ya choo. Tarehe saba kulikuwa na "Je, wajua?" kwamba kiboko haogelei, anatembea chini ya maji. Mpishi wetu, mzee Bukuru wa Katumba, akasema aliyeandika hivyo hajawahi kukimbizwa naye.

Huyu mzee Bukuru ndiye anayeteswa na vitendawili kuliko wote. Nimemweleza mara ngapi kwamba majibu ameyashika mke wangu huko Mamba. Ananijibu, "Basi mwandikie aniletee. Mimi nitakufa sijajua." Cha tarehe tisa kilikuwa hiki: Anapita mlangoni kwangu kila asubuhi, hajawahi kurudi. Masanja, yule kijana wa Kisukuma mwenye ng'ombe Kasansa, akasema ni moshi. Mwingine akasema ni mto. Mzee Bukuru akasema ni mkaza mwana wake wa kwanza. Hatukujua.

Siku hiyohiyo ya tarehe tisa, Jumanne, homa iliniangusha. Nikalala nimejifunika na turubai, natetemeka. Mzee Bukuru alipoona sijielewi, aliuchukua ukurasa kwenye msumari akaupeleka darajani kuwasomea wenzake tena hicho kitendawili, labda mchana utawafungua akili. Akaukunja pembe kidogo ili uingie mfukoni. Jioni akaurudisha mahali pake, taratibu kabisa, kwa heshima zote.

Asubuhi niliamka kichwa kinavuma. Nikaona pembe imekunjwa. Nikajiambia, kumbe nimelala siku mbili nzima. Nikauchana, nikaweka wa kumi na moja, nikatoka nje nikawatangazia watu kwamba leo ni Alhamisi. Ilikuwa Jumatano. Hakuna aliyenibishia. Ukurasa ule ulikuwa na hadithi ya mzee aliyenunua saa ya ukutani isiyotembea. Alipoulizwa akasema, "Hii ikikosea inakosea palepale, najua pa kuitafuta." Tukacheka sana, sisi ambao ya kwetu ilikuwa imeshakimbia.

Kwa hiyo Ijumaa, mimi nikijua ni Jumamosi, nilivaa shati jeupe. Nikabeba mkoba na kigoda nilichomchongea mtoto kwa vipande vya mninga vilivyobaki darajani, kidogo tu, kina miguu mitatu. Wenzangu wakanisindikiza mpaka barabarani. Ukurasa ulisema ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni, yule tunayemwomba atutafutie vilivyopotea, nikaona ni dalili njema. Nilikaa juu ya gogo tangu saa moja asubuhi mpaka jua likawa jekundu. Walipita nyani, na mama mmoja na mbuzi wake. Lori halikupita. Nikarudi kambini na kigoda changu. Mzee Bukuru alikuwa ameniwekea ugali bila kuombwa.

Kesho yake kambini ikawa Jumapili. Tulisali chini ya turubai, mzee Bukuru akaongoza nyimbo za Kirundi ambazo nusu yetu hatuzijui, kisha tukashuka mtoni kufua. Niko na lile shati jeupe mikononi, nikasikia honi juu barabarani. Mara tatu. Mama Sesi, dereva alikuwa ameniahidi kwamba atapiga mara tatu. Masanja akaniuliza, "Lile si lori la mpunga?" Nikamjibu, "Lori la mpunga ni Jumamosi. Leo Jumapili, hilo ni la watu wengine." Nilimjibu kwa kujiamini kabisa, maana mwenye kalenda ni mimi. Nikaendelea kusugua kola.

Tumeligundua jana. Tuko juu ya daraja tunapigilia mbao, kwetu ni Jumatatu, akapita katekista wa kijiji cha jirani na baiskeli yake, amevaa koti. Akasimama.

"Nyie watu wa daraja, Jumapili hamuijui?"

"Jumapili ilikuwa jana, katekista," mzee Bukuru akamjibu. "Tumesali mpaka nyimbo zikatuishia."

"Jana nilikuwa na watoto wa komunyo ya kwanza. Watoto wa komunyo ni Jumamosi. Sijawahi kuwafundisha siku nyingine tangu nianze."

Tukatazamana. Masanja akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika Jumanne akasimama. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikasema kuhusu pembe iliyokunjwa, na mzee Bukuru akaweka nyundo chini.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka tu kuwasomea. Niliukunja kidogo uingie mfukoni."

Wenzangu walicheka mpaka Masanja akaketi kwenye mbao. Mimi sikucheka. Nilimkasirikia yule mzee kwa muda wa kumaliza kikombe cha uji, kisha nikakosa nguvu ya kuendelea. Aliyeamka akauchana ni mimi. Ningeuliza mtu mmoja tu, "Jana ilikuwa siku gani?" ningekuwa nyumbani sasa. Na pale juu ya daraja ndipo nilipolijua jibu la kitendawili cha tarehe tisa, bila kusubiri ukurasa wako. Ni siku. Imepita mlangoni kwangu ikipiga honi, nami nafua shati.

Naumia, Mama Sesi. Nimeona aibu mbele ya watu wazima wenzangu, nikajifanya nina moshi machoni. Lori jingine ni Jumamosi ijayo, na wewe mwenyewe ulihesabu ukasema mtoto hatazidi katikati ya mwezi huu. Msimamizi amerudi jana jioni, amecheka naye, lakini ruhusa yangu amesema haijaharibika, nianze nayo siku yoyote nitakayopata usafiri. Usafiri ndio hakuna. Barua hii nitampa katekista, leo anakwenda parokiani Mpanda, ataiweka kwenye gari la kuja huko. Nisamehe kwa

Jumanne, Ilembo

Naendelea kwa kalamu nyingine, ile ya kambi nimemwachia mzee Bukuru. Nilipomkabidhi katekista barua jana, aliigeuza mkononi akaniuliza ina nini. Nikamweleza. Akanirudishia. Akasema, "Unatuma karatasi ya nini, na keria ya baiskeli iko wazi?" Basi nimekuja nimekaa juu ya keria, kigoda mapajani, kwenye milima tunashuka wote wawili tunasukuma. Nyama za kukalia sina tena. Wenzangu walisimama darajani mpaka tukapinda kona, mzee Bukuru akapiga kelele nimletee majibu yote ya Juni.

Tumelala njiani kwa ndugu zake, asubuhi hii tumefika, niko hapa Ilembo kwa baba yangu mdogo. Leo ni ukurasa wako, sikujua una nini mpaka nilipoona watoto wa shule wanaandamana kwa ngoma, na kitambaa kimeandikwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Nilisimama pembeni nikamwambia wa kwetu kimoyomoyo, mwanangu, siku ni nzuri na ngoma zinapigwa, lakini nakuomba ngoja kidogo, baba yako bado yuko njiani. Baba mdogo amenipatia nafasi kwenye gari linalokwenda kupakia mpunga. Linaondoka kesho alfajiri, na nimeuliza watu watatu tofauti kama kesho ni Jumatano.

Jumatano, Mamba, nje ya zahanati

Nimefika nyumbani nikakuta mlango umefungwa kwa kamba. Sesi alikuwa kwa jirani, amenitambua, akaniambia, "Mama ameenda kuchukua mtoto." Kama anayekwenda kuchukua ndoo. Nimekuja mbio na vumbi langu.

Mama yako amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Nimemsalimia kwa mbali kama inavyotakiwa. Akasema, "Mwanaume hapiti hapa." Kisha akaniangalia miguu, akaniangalia kigoda, akaniletea maji ya kunywa yeye mwenyewe. Ameniruhusu nikae kwenye benchi hili la nje, karibu na dirisha. Nasikia unavyomjibu nesi, kwa hiyo najua una nguvu, na nasikia humjibu vizuri. Mama yako amenikubalia kwamba nikimaliza kuandika atakupelekea barua.

Ulitaka jina la mtoto litoke kwenye ukurasa wa siku atakayozaliwa. Leo ni kumi na saba, ukurasa wangu, ninao hapa mfukoni. Umeandikwa Siku ya Kupambana na Jangwa Duniani. Jangwa hatutamwita. Tutamtafutia jina pamoja, mimi na wewe, ukishapumzika. Kuna na kitendawili pia, jibu lake liko kwako nyumbani, kesho nitalichukua mwenyewe pale ukutani.

Salamu kwa mama mkwe, aliyesimama hapa juu ya kichwa changu na kuniambia niandike haraka. Msalimie dada yako mkubwa aliye humo ndani na wewe. Shangazi yangu nimempita njiani bila kusimama, ataniwia radhi. Wanakusalimia baba mdogo wa Ilembo, Masanja, katekista mwenye baiskeli, na mzee Bukuru, anayekuomba usimchukie.

Mimi mumeo ninayekupenda,
Baba Sesi

Mama mkwe, subiri kidogo, bado.

Nimemsikia analia.